Kipilefti cha Mabela

Siku ya kwanza nilisema, hakuniona.
Siku ya pili nilisema, jua lilimpiga machoni.
Siku ya tatu sikusema kitu.
Niliingia ndani nikabamiza mlango
ili asikie
mtu aliyefunga vioo vyote vya gari.

Salha binti Hamudi,
aliyekuwa akija alasiri na birika lake la kahawa
kama kwamba kwangu hakuna birika,
akakaa pale kiyoyozi kinapodondosha maji,
tukapiga soga za Kiunguja mpaka adhana itukatize,
sasa anapita, shingo imesimama kama mwiko katika ugali,
na mimi nimeinua mkono,
mkono umebaki hewani
kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Nikatafuta sababu. Mwenye kuudhika hazikosi.
Nikasema ni vile vileja vya Idi,
nilimpelekea sahani yenye vilivyovunjika.
Nikasema mwanawe kapata kazi wizarani.
Nikasema amechoka na sisi wa Kiswahili,
anawataka wenye Kiarabu cha kunyooka,
si mie, niliyefika huku na miaka kumi na tisa,
na mpaka leo nikimtaja ngamia jike
anageuka dume mdomoni mwangu.

Usiku nilimjibu maneno makali,
yeye hayupo, mie nimelala chali,
nikamshinda mara tatu.

Kisha Azzan, mjukuu wake, akaja kugonga,
mkononi sahani yangu, imeoshwa,
na ndani yake tende, maana sahani hairudi tupu.
"Bibi kapata leseni," akasema. "Mara ya sita."
Miaka hamsini na tisa! Mara ya sita!
"Nani mwengine atampeleka Babu?
Jumapili, Jumanne, Alhamisi,
anasafishwa damu."

Nikamuuliza, mbona haniangalii?
Mtoto akanishangaa.
"Bibi akiendesha haangalii mtu. Redio anazima.
Nzi akiingia, anamwacha.
Tukifika kipilefti anasoma Ayatul Kursiyu,
asipoimaliza, tunazunguka tena."

Kipilefti. Ndivyo tulivyokuja nalo jina,
na huku watu wanazunguka kulia.

Basi ule mkono wangu, niliouinua kwa mapenzi,
kisha kwa hasira,
kwake ulikuwa kitu kimoja zaidi
cha kutokigonga.

Nilikaa na zile tende sikuzila.
Nilikuwa namfikiria binti mmoja wa Voi,
anafanya kazi nyumba yenye geti la kijani.
Kila Jumatano tunakutana dukani,
ananiambia shikamoo kwa sauti ya mtu
aliyeitunza wiki nzima,
na mie naitikia nusu, nageukia vitunguu,
navichagua kimoja kimoja
kama anayenunua lulu.
Si kiburi. Nimelisahau jina lake.
Nilimuuliza mara mbili, akanitajia mara mbili,
ya tatu naona haya.
Naye anaporudi chumbani kwake, taa imezimwa,
kalala chali,
sijui ameshanishinda mara ngapi.

Alhamisi nilisimama mlangoni na ufagio,
mikono yote miwili juu ya mpini.
Gari likaja polepole, nyuma yake foleni na honi.
Niliwaona wote wawili: mumewe, mkono wa kanzu umekunjwa,
na yeye, ameushika usukani kama mtoto mchanga anayeogeshwa.
Kidole chake kimoja kiliinuka, kikarudi.
Labda ni salamu.
Labda alikuwa anatafuta taa ya kukunjia.

Jumatano nitamuuliza yule binti jina lake.
Nikishindwa,
vitunguu vipo.